Kuku wa Kumwagiwa

Ijumaa iliyopita nilimtoa halati yangu, mama yangu mdogo, kula. Amekuja kutoka Lamu kwa ajili ya macho yake, akakaa kwangu siku tano akila ninachopika bila neno, na Muamu asipolalamikia chakula cha Malindi basi jua anakuhurumia. Nikasema leo hakuna kupika. Tukaenda mkahawa mmoja mdogo wa huku mji wa kale: meza sita, vitambaa vya leso, taa za njano, upepo wa bahari unaingia kwa dirishani. Pametulia, pana staha yake. Nikaagiza kuku wa kupaka wawili bila hata kufungua menyu. Mtu wa pwani hafungui menyu kutafuta kuku wa kupaka.

Kikaja chungu kizuri cha udongo. Ndani yake vipande vya kuku vyeupe kama vimepakwa chokaa, vinaogelea kwenye mchuzi mweupe, mzito, unaong'aa, na majani ya giligilani juu. Hakuna alama ya moto mahali popote. Halati akaonja, akaweka kijiko chini taratibu.

"Mwanangu, huyu kuku ana maziwa."

Nikamwita kijana anayehudumu. "Mwanangu, humu mmetia maziwa?"

"Hapana mama, hakuna maziwa. Ni krimu tu."

Krimu tu. Sijui wao yao wanaikamua kwenye papai.

Halati hawezi maziwa. Akinywa chai ya maziwa usiku halali yeye, na halali mtu chumba cha pili. Alikula wali na kachumbari, akasema ameshiba, alhamdulillahi. Hakushiba. Mimi nilimaliza sahani yangu kwa sababu moja tu: nililipa shilingi 950. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa wamefika mkahawa ule.

Sasa nisikilizeni. Kuku wa kupaka jina lake ni maelekezo. Ku-pa-ka. Unamtia kuku ndimu, chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, unamwacha alale humo. Unamchoma juu ya makaa, si kwenye gesi. Pembeni tui zito liko motoni na bizari kidogo na pilipili, nawe umesimama juu yake unakoroga, unakoroga, hufuniki, huendi kujibu simu, maana ukiliacha lichemke peke yake linakatika, mafuta kule maji huku, na mbele ya mawifi huna pa kuficha uso. Likishikana, unampaka kuku, unamrudisha kwenye makaa, unampaka tena. Tui linadondoka kwenye kaa, moshi unapanda, moshi unamrudia kuku. Ule moshi ndio chakula chenyewe! Nusu ya ladha imo humo, na ndiyo maana jirani hujua umepika nini kabla hujampelekea sahani. Tui lililobaki ndilo unalommiminia mwisho, ukakamulia ndimu.

Nilicholetewa mimi ni kuku aliyechemshwa akamwagiwa. Basi muandikeni hivyo: kuku wa kumwagiwa. Sitakuja kuwagombeza.

Na malai, hiyo krimu yao, hayawezi kazi ya tui hata ukiyapa mshahara. Malai yanafunika. Yanaizima pilipili, yanauzima moshi, yanaacha utando kwenye ulimi kama umelamba mshumaa. Tui lina utamu wake wa ndani, na bado linaiacha ndimu iseme. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo, na msomaji wangu aliyekua pwani hahitaji nimueleze.

Sina ugomvi na malai yenyewe. Mishkaki ya kuku ya malai ya Wahindi nakula, tena nikialikwa natangulia kufika. Lakini inaitwa malai. Mtu anakuambia mapema, unajua unachokiendea, na halati yangu anajua asichokiendea.

Najua mtakaponipeleka: "Ni Wataliano." Kila kitu Malindi ni Wataliano. Wako hapa tangu siku za mitambo yao ya kurushia roketi, San Marco, kule Ngomeni, miaka ya 1960, na kweli pasta yao ya kuku na krimu nimeila, na sitasema uongo, nilifuta sahani kwa mkate. Ila Mtaliano hajawahi kuniomba nitie krimu kwenye kupaka. Tena jaribuni kumwambia mzee wa Kitaliano wa mji huu kwamba umetia krimu kwenye pasta yake ya karbonara (mimi siili kwa sababu nyingine, mnazijua). Atasimama. Atapiga meza. Atakutajia mama yake. Atakwambia ni yai na jibini na ile nyama yao, basi. Yeye analinda sahani yake, sisi yetu tunaigawa kabla hatujaombwa. Labda ni tabia ya mji. Mwaka 1415 tulimpelekea mfalme wa China twiga. Mwaka 1498 tukampa Vasco da Gama rubani wa kumfikisha Calicut. Sasa tumefika kwenye kuku.

Nilipokuwa nalipa nilimuuliza mwenye mkahawa, kwa heshima, kwa nini. Hakuwa mkali. Alisema nazi ina kazi. Tui la asubuhi kwa joto hili jioni limechacha, na krimu inakaa kwenye friji siku kadhaa. Mgeni akija saa tatu usiku yeye afanye nini? Hapo nakiri ana neno. Kiasi. Mimi mwenyewe sijakalia mbuzi ya kukunia nazi miaka mingi. Nazi zangu napeleka sokoni kwenye mashine, dakika mbili zimekunwa. Lakini hilo si ndilo jibu lake? Mashine ipo. Nazi zipo, tuko kaunti ya Kilifi jamani, ukitoka mlangoni mwake ukarusha jiwe unapiga mnazi. Kinachokosekana ni mtu wa kulipwa akae, akamue tui la kwanza, akamue la pili, asimame pale na mwiko. Kazi hiyo mama zetu waliifanya bure kwa muda mrefu mno hata tukadhani haina bei. Ipandisheni bei. Andikeni 1,300. Nitalipa na sitanung'unika, au nitanung'unika nikilipa.

Nyanya yangu akimaliza kukamua nazi alikuwa hatupi chicha. Alitoka nayo uani kwenye sinia, akaita "kurukuru," na kuku wote wa mtaa wakaja, wake na wasio wake. Nikiwa mdogo niliona ni jambo la haki kabisa kwamba kuku ale nazi, kisha nazi imlee hadi siku yake, kisha apakwe nazi. Broila wa mkahawa ule, maskini, hata chicha hakuonja. Na paja lake lilikuwa dogo, lakini hayo ya leo tuyaache.

Jumamosi nikanunua nazi tatu na kuku wa kienyeji wa maana, jogoo mmoja mwenye kiburi. Nikawasha makaa nyuma ya nyumba. Halati akaketi kwenye kiti cha plastiki na miwani yake mipya myeusi, haruhusiwi moshi, akakataa kuondoka. Nikampaka jogoo mara tatu. Wanangu wakaja kusimama mlangoni bila kuitwa, jambo ambalo kwa kawaida huhitaji kuzimwa kwa waifai.

Nikampakulia yeye wa kwanza. Akala paja zima kimya, akalamba vidole, akainua uso.

"Tui limekatika kidogo," akasema, akanyoosha sahani tena.