Nishani ya babu: chuma kinaweza kuwa halali na jina likawa feki

Kila nikiongea na mtu kuhusu nishani za askari wetu wa zamani, wale wa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, swali ni hilohilo, hii ni orijino au feki, na anageuza kile kitu kwenye mwanga aone inavyong'aa. Sasa kung'aa hakukwambii kitu. Na mi nataka niseme wazi, ile feki ya bati iliyomiminwa uchochoroni hainisumbui sana kwa sababu hata mtu asiye na uzoefu akiishika ataistukia. Inayoniuma ni nishani halali kabisa, imetoka kiwandani Uingereza miaka hiyo, halafu mtu akakaa nayo akaigonga jina la askari ambaye hakuwahi kuivaa. Huo ni wizi wa jina la marehemu, na soko lipo, tena kubwa.

Ili ulielewe hili anza na vita ya kwanza, ile ya 1914 hadi 1918. Waingereza nishani zao za vita ile walizipa majina. Chukua ile ya fedha yenye mtu yuko uchi juu ya farasi, au ile ya Ushindi ya rangi ya shaba yenye malaika mwenye mabawa, igeuze uangalie ukingo, yaani ule unene wake pembeni. Hapo utakuta namba, cheo, jina na kikosi, mfano 3/K.A.R., yaani kikosi cha tatu cha KAR, na herufi zimegongwa kwa chapa, zimezama ndani. Fikiria askari aliyetoka Songea au Kitui huko, hakuwa na picha, hakuna kaburi linalojulikana, pale mnara wa Askari mtaa wa Samora Dar hakuna jina lake, lakini jina lake lipo kwenye ule ukingo wa nishani, pengine mahali pekee lilipowahi kuandikwa kwenye chuma. Ndo maana mi nikishika hizi nishani naangalia ukingo kwanza, sura ya mfalme baadaye.

Wachakachuaji nao wanajua thamani iko hapohapo. Wanachofanya ni kuchukua nishani ya askari wa kawaida wa Uingereza ambayo bei yake ni ndogo, wanasaga jina lililopo, wanagonga jipya la kikosi kinachotafutwa. Ila chuma ukikisaga kinapungua, hakuna namna. Nishani ya duara ya Uingereza kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 36, sasa chukua kalipa ya fundi, ile ya kupimia spea, pima juu kwenda chini halafu kulia kwenda kushoto, halafu zungusha upime tena. Ukikuta imepungua na upana haulingani kila upande, shtuka. Angalia pia kama kuna bonde pale jina lilipo, ukilaza ukingo kwenye mwanga wa dirishani bonde linaonekana. Na kama herufi zimechongwa kwa sindano, zina mikia na mikwaruzo badala ya kuzama sawasawa, hapo nishani ya vita ya kwanza inakuwa na maswali mengi mno.

Mfano mzuri ni DCM, nishani ya ushujaa ya askari wa vyeo vya chini. KAR walikuwa na ya kwao, nyuma yake imeandikwa kabisa King's African Rifles, na ilitolewa mpaka 1942 ilipofutwa. Kwa hiyo mtu akikuletea DCM ya askari mwafrika wa KAR wa 1917 halafu nyuma hakuna hayo maneno, usibishane naye, mrudishie tu.

Vita ya pili mambo yanageuka na hapa ndipo wajukuu wengi wanaibiwa. Zile nyota za pembe sita, ya 1939-45, ya Afrika, ya Burma, pamoja na ile ya duara yenye simba amesimama juu ya joka, Uingereza haikuandika majina. Wahindi na Wasauzi walipata zenye majina, askari wetu hapana. Kwa hiyo ukikuta nyota ya babu haina jina usiseme feki, ndivyo ilivyotoka! Sasa ubaya wake ni kwamba nyota tupu ni karatasi nyeupe, yeyote anaweza kuiandika anachotaka. Kuna wazee kweli walienda kwa sonara wakachongewa majina yao wenyewe, hiyo siwezi kuilaumu, lakini nyota ya Burma yenye jina la kuchonga na hakuna karatasi nyingine yoyote, mi siwezi kusema ni ya huyo mtu, na yeyote anayesema kwa uhakika anakuuzia hadithi.

Hapo unaangalia kama seti ina akili. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma 1944, bonde la Kabaw mpaka Kalewa, askari wa kule unategemea awe na nyota ya 1939-45 na ya Burma, sio ya Burma peke yake ikielea. Nyota ya Afrika kwa watu wa upande wetu ilihusu mapigano ya Somalia, Eritrea na Ethiopia kuanzia Juni 1940 hadi Novemba 1941, aliyekaa kambini Nairobi vita nzima haimhusu.

Halafu kuna ile Africa General Service, utepe wa njano wenye pindo nyeusi na mistari miwili ya kijani, ile ya mwisho ina kipande cha chuma kwenye utepe kimeandikwa KENYA kwa ajili ya miaka ya Mau Mau, 1952 hadi 1956. Najua ni nishani yenye uchungu na kuna familia hazitaki hata kuiona ndani, lakini kwa habari ya feki ina siri moja nzuri sana. Ilitolewa yenye sura ya Edward wa saba, George wa tano na Elizabeth wa pili. George wa sita hayupo. Ukiletewa yenye George wa sita huna haja hata ya kutoa kalipa mfukoni.

Beji za kofia ni dunia nyingine. Beji halali iligongwa kwa mashine kwenye bamba la chuma, kingo zake ni kali, na kwa nyingi ukiigeuza nyuma unaona umbo la mbele limejirudia kwa ndani. Feki nyingi zimesubiwa, yaani wametengeneza kalibu kutoka kwenye beji halali wakamimina chuma, sasa chuma kikipoa kinasinyaa kwa hiyo feki inakuwa ndogo kidogo kuliko mama yake, na ukiweka kioo cha kukuzia unaona vitundu na vipele vidogo kama ngozi ya chungwa. Tarumbeta la KAR ambalo kamba zake zimeungana na mwili wake kama zimeyeyuka, hiyo imesubiwa. Na zile beji za aluminiamu zinazong'aa zenyewe bila kusuguliwa ni teknolojia ya miaka ya 1950, mtu akikwambia hiyo ni ya askari wa 1916 basi ameamua kukudanganya. Beji za majeshi yetu ya sasa sizungumzii na wala usizinunue, raia kukaa na vitu vya jeshi ni kesi.

Upande wa Wajerumani nitapita haraka. Msalaba wa Chuma wa 1914 kwa kawaida ni vipande vitatu, kiini cha chuma cheusi kimebanwa na fremu mbili za fedha, sumaku inashika katikati na ukitazama pembeni unaona maungio. Uliomiminwa kipande kimoja kisha ukapakwa rangi nyeusi ni pambo la rafu.

Utepe usikutishe. Utepe mpya haumaanishi nishani ni feki maana tepe zilichakaa zikabadilishwa. Ile taa ya zambarau ya kukagulia noti inasaidia, nyuzi za kisasa zinawaka na pamba ya zamani haiwaki vile, ila kama mama aliufua utepe na sabuni ya unga ya siku hizi nao utawaka, kwa hiyo ichukulie kama dokezo tu.

Na naomba sana, tena sana, acheni kusugua! Majivu, limau, dawa ya meno, dawa ya shaba, zote zinakula zile herufi za ukingoni na zinaondoa ule weusi wa miaka mingi uliotulia kwenye mikunjo, ambao mchakachuaji anahangaika kuuigiza na haupati sawasawa. Nishani iliyosuguliwa ikang'aa imepoteza nusu ya ushahidi wake.

Feki nyingine hata kalipa haiwezi kuikamata. Idi Amin alijiunga na KAR 1946, vita imeshaisha, na bado habari ilisambazwa kwamba alipigana Burma. Baadaye akajitengenezea msalaba wake mwenyewe kwa kuiga Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, herufi zikabaki VC zilezile. Nishani kifuani bila kumbukumbu ya nani alipewa lini na kwa lipi inaweza kusema chochote.

Ndo maana mi msimamo wangu ni kwamba mtaalamu wa kwanza wa nishani ya babu ni ile familia, sio mnunuzi wa mjini wala mnada wa onlaini. Kile kitabu cha kuachishwa jeshi, picha yenye namba nyuma, barua ya pensheni, hata jina la kikosi ambalo bibi analikumbuka kwa matamshi yake, hivyo ndivyo vinavyofanya nyota isiyo na jina iwe ya mtu. Kwa vita ya kwanza namba ya ukingoni unaweza kujaribu kuitafuta kwenye orodha za nishani zilizohifadhiwa makavazi ya taifa ya Uingereza, Kew. Mnunuzi anayesema nauzie nishani tu, makaratasi hayo kaa nayo, au kinyume chake, makaratasi bila nishani, mimi simuamini hata kidogo, kwa sababu makaratasi ya mtu mmoja yakikutana na chuma cha mwingine hapo ndo askari wa uongo anazaliwa, na akishazaliwa mnadani hakuna anayemfuta.

Ukilazimika kuuza, maana njaa na ada za shule nazijua, uza vyote pamoja. Kabla hujatoa nje piga picha mbele, nyuma na ukingo wote ukizungusha taratibu, piga kila ukurasa wa kile kitabu, watumie ndugu zako wote wawe nazo kwenye simu. Siku jina la babu yenu likitokea mnadani kwenye nishani nyingine, mtakuwa na kitu cha kuwaonyesha.