Akiombewa asipopona, kosa ni lake?

Naamini Mungu anaponya. Ninachotaka kukipima hapa ni fundisho moja linaloandamana na imani hiyo: kwamba mgonjwa akiombewa asipopona, kasoro iko kwenye imani yake.

Wanaolifundisha hawakulizua. Isaya 53:5 inasema "kwa kupigwa kwake sisi tumepona", na Petro anayarudia maneno hayo katika waraka wake wa kwanza. Mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 aliambiwa, "Binti, imani yako imekuponya." Bartimayo kipofu naye aliambiwa vivyo hivyo. Zito kuliko yote ni Marko 6: Yesu alipofika kwao Nazareti, aliponya wagonjwa wachache tu, akastaajabia kutokuamini kwao. Anayedai kwamba imani ya mpokeaji haina kazi yoyote, sura hiyo imemshinda. Tena fundisho hili limewainua watu wengi waliokuwa wamekwisha kukata tamaa. Makanisa yaliyoacha kuwaombea wagonjwa kwa kuogopa aibu hayana la kujivunia mbele yao.

Tatizo ni kwamba Injili zenyewe hazikubali kufungwa kwenye kanuni moja. Kule Kapernaumu, watu wanne walitoboa dari wakamshusha mwenye kupooza. Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Mgonjwa hatumsikii akisema neno. Yule aliyekuwa mgonjwa miaka 38 kando ya birika la Bethzatha aliulizwa kama anataka kuwa mzima, naye akajibu kwa kulalamika kwamba hana mtu wa kumtia majini. Akapona, na hata hakumjua aliyemponya. Baba wa kijana aliyekuwa akianguka kifafa alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Imani nusu ile, na mtoto akapona.

Kisha msome Yakobo 5 polepole, kwa sababu ndilo andiko tunalolishika zaidi tunapompaka mtu mafuta. Mgonjwa anaagizwa kufanya jambo moja: awaite wazee wa kanisa. Wao ndio wanaokuja, wao wanaomba, na kule kuomba kwa imani kunakomwokoa mgonjwa ni kwao. Ibada nyingi za uponyaji zimeupindua mpango huo. Mhubiri anashuka jukwaani na sifa ya upako. Mgonjwa ambaye goti lake bado limevimba anarudi nyumbani na lawama. Na kabla hajafika mlangoni, mtu mwenye nia njema kabisa atakuwa ameshamuuliza kama kuna dhambi aliyoificha. Kwangu huo ni ukatili, hata ukivikwa maandiko.

Mitume wenyewe hawakuishi hivyo. Leso zilizogusa mwili wa Paulo ziliponya watu Efeso. Lakini Paulo huyohuyo aliomba mara 3 mwiba wake uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto, na akamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakuna mahali anapomkaripia yeyote kati yao kwa upungufu wa imani.

Lawama hii huua pia. Mtu akishaambiwa kwamba kumeza dawa ni kukiri kushindwa, atazificha, kisha ataziacha. Mwaka 1998 jarida la Pediatrics lilichapisha uchunguzi wa vifo 172 vya watoto nchini Marekani, kati ya 1975 na 1995, ambao wazazi wao walikataa matibabu kwa sababu za kidini. Watoto 140 walikuwa na magonjwa ambayo kwa matibabu ya kawaida zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa huishi. Sioni namna ya kuziita hesabu hizo imani.

Upande wa wasioamini nao hupenda kuutaja utafiti wa 2006 wa daktari Mmarekani Herbert Benson, uliohusisha wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Maombi hayakupunguza matatizo baada ya upasuaji. Waliojua kwa hakika kwamba wanaombewa walipata zaidi, asilimia 59 dhidi ya 52 ya walioombewa bila kuwa na uhakika. Sidhani utafiti huo unampima Mungu. Watu wasiomjua mgonjwa, wakitajiwa jina lake la kwanza na herufi ya kwanza ya jina la ukoo tu, si wale wazee wa Yakobo wanaokaa kitandani pake. Ila mmoja wa watafiti alidokeza kwamba huenda wagonjwa wale waliingiwa na hofu: nimezidiwa kiasi gani hata nimeitiwa waombaji? Dokezo hilo linastahili kusikilizwa na kila anayemwombea mtu kwa kumkazia macho akisubiri matokeo.

Kupima ushuhuda hakumvunjii Mungu heshima. Wale wakoma 10 wa Luka 17 walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa Torati ndio waliokuwa na kazi ya kukagua ngozi na kuthibitisha kwamba mtu ametakasika. Mchungaji anayemwambia aliyepona arudi kwa daktari akapimwe kabla ya kushuhudia na kabla ya kupunguza au kuacha dozi yake anaufuata mfano huo.

Na urejesho? Yoeli 2:25 inaahidi kurudishwa kwa miaka iliyoliwa na nzige, na tunaihubiri kana kwamba kila kilichopotea kitarudi kilevile. Ayubu alirudishiwa mifugo maradufu na kuzaliwa watoto wengine 10. Wale 10 wa kwanza walibaki makaburini. Yule mwanamke naye, baada ya miaka 12 ya kuhesabiwa najisi, aliitwa "Binti" mbele ya umati. Sehemu hiyo ya urejesho, kumrudisha mtu kati ya watu, kanisa linaiweza hata leo, muujiza uwepo usiwepo. Ningependa kuona kipaza sauti cha ushuhuda kikipewa pia mtu aliyeombewa, ambaye bado yuko kwenye dawa, aeleze anavyomshika Mungu, na asiwepo wa kumkatiza.