Kabla ya tami taki, ni kilo ngapi ndo zinatosha?

Dada yangu alirudi kliniki siku hiyo amekasirika mpaka chakula hakugusa. Alienda kuulizia tami taki, ile opareshini ya kukata ngozi ya tumbo iliyolegea na kushona misuli yake, ana watoto watatu wote wa opareshini, tumbo limeshuka hadi linafunika mshono, daktari kampima kamwambia pungua kwanza, ukifika kilo 76 kaa nazo miezi sita alafu uje. Ana kilo 84 na urefu wa sentimita 160. Akaniuliza, sasa ningekuwa naweza kupungua mwenyewe si nisingeenda? Najua wadada wengi wana swali hilohilo, na mi mwanzoni nilikuwa upande wake kabisa, ila nilivyozidi kulifuatilia nikaona daktari naye ana hoja nzito, japo sio zote.

Hiyo 76 hakuitoa hewani. Kuna kipimo cha uzito kulinganisha na urefu kinaitwa BMI, unachukua kilo zako unagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kwa dada ni 84 gawanya kwa 2.56 unapata kama 32.8. Wapasuaji wengi wanataka uwe chini ya 30, wengine wanakubali mpaka 35, na kwa urefu wake 30 inaangukia kilo 76 na pointi. Sababu ya kwanza ni kidonda. Mkato unatoka nyonga moja hadi nyingine, na mafuta hayana damu nyingi ya kulisha kidonda, kwahiyo mwili ukiwa mzito mshono unachelewa kufunga, unaweza kuachia, maji yanajikusanya chini ya ngozi, usaha unaingia, na kubwa kuliko yote damu inaweza kuganda mguuni ikapanda hadi kwenye mapafu, hiyo inaua.

Sababu ya pili ndo iliyonibadilisha mawazo. Daktari alimlaza dada chali akamwambia alegeze tumbo, likabaki limeinuka, halikuzama usawa wa mbavu. Alafu akamwambia anyanyue kichwa kidogo, akabonyeza katikati juu ya kitovu, vidole vitatu vikaingia. Yani misuli ya mbele imeachana na mimba zile tatu, inahitaji kushonwa kweli, lakini nyuma yake kumejaa mafuta yanayozunguka utumbo, na hayo tami taki haiyagusi kabisa. Inachotoa ni ngozi na mafuta ya juu, mara nyingi kilo chache tu, sio opareshini ya kupunguza mwili hata kidogo. Sasa ukivuta misuli uishone juu ya tumbo lililojaa kwa ndani, presha inapanda humo ndani, mgonjwa anapumua kwa shida, nyuzi zinavutwa, na baada ya hela yote hiyo tumbo bado duara. Mafuta ya ndani yanapungua kwa kupungua mwili tu, hakuna kisu cha tami taki kinachoyafikia.

Lakini upande wa dada nao usikilizwe jamani. Hii hesabu ya BMI ilitoka kwa Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, miaka ya 1830, alikuwa mtu wa hesabu na nyota anatafuta wastani wa watu wengi, hakuwa daktari mwenye mgonjwa kitandani. Haijui misuli ni ipi na mafuta ni yapi, wala haijui yamekaa wapi. Wanawake wawili wote 32, mmoja uzito uko mapajani na kwenye makalio, mwingine uko ndani ya tumbo, namba moja lakini kwa mpasuaji wa tumbo hao ni watu tofauti kabisa. Kile kipimo cha kulala chali kilimwambia daktari mengi kuliko mzani, sasa kwa nini aliyoyaona pale hakumweleza, akamwandikia tu 76 kwenye karatasi?

Na kuna suala la ngozi. Mama alimkanda dada kwa maji ya moto na kumfunga kanga siku arobaini kila uzazi, hakuna aliyezembea, lakini ngozi iliyochanika michirizi namna ile hairudi kwa kanga, na kwa dayati ndo inazidi kuning'inia maana unatoa kilichojaza mfuko na mfuko unabaki. Joto la Dar mnalijua. Anaweka kitambaa cha pamba chini ya mkunjo asubuhi, saa sita kimelowa anabadilisha, fangasi haziishi, mgongo unauma, akikimbia tumbo linampiga mapaja. Mtu huyu kumwambia kapige zoezi na kumwacha hapo ni kumuonea.

Kwahiyo mi nasimama hapa: kusubiri ni sahihi, ila uzito uliotulia una maana kuliko namba yenyewe. Ukifanyiwa leo alafu ukapungua kilo 15 ngozi inalegea upya, ukinenepa inatanuka, ukibeba mimba misuli inaachana tena, ndo maana anayetaka mtoto mwingine amalize kwanza. Na haraka ya kufikia namba ina hatari zake, kuna wanaoshindia ndimu na maji au chai za kukonda wanafika kwenye kisu hawana damu wala protini, kidonda kitafunga na nini? Nusu kilo kwa wiki inatosha, kilo nane ni kama miezi minne, maharage, dagaa na mayai yabaki kwenye sahani. Anayechoma Ozempic, ile sindano wanayotumia kupungua, amwambie daktari wa usingizi mapema, tumbo linachelewa kumaliza chakula na kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu akiwa amelala. Walioweka puto ndani ya tumbo la chakula ili wale kidogo, kama wanavyofanya hospitali ya Mloganzila, nao wasubiri uzito utulie. Sigara na shisha ziachwe wiki nne kabla, angalau.

Wanaonitisha zaidi ni wale wanaokubaliwa kwa picha za WhatsApp, wanapanda ndege kwenda Istanbul, hakuna aliyewalaza chali kuwaangalia, na baada ya siku chache wako kwenye siti masaa mengi na mshono mbichi wakati damu ndo iko tayari kuganda. Hao hawakukataliwa na mtu.

Dada alienda kwa daktari wa pili, akampa dawa ya fangasi na mtu wa mazoezi ya misuli ya ndani ambayo sio sit-apu, akamwambia tutaangalia tumbo likilala, tusigombanie kilo mbili. Juzi alikuwa 79. Anatembea jioni na binti yake, mkunjo kaubana kwa mkanda chini ya dera, na tarehe ya kwenda kulazwa chali tena ni mwezi wa tisa.