Mgeni Rasmi Alivyouvusha Kilimanjaro Hadi Zanzibar

Meza ya kugusa na jua haviivi chungu kimoja, na kamati ya maonyesho ya utalii pale Moshi niliiambia hivyo tangu asubuhi. Nikawaonyesha pa kuiweka: katikati ya hema, mbali na upande wowote ulio wazi. Wakaitikia vizuri kabisa. Nilipotoka kwenda kutafuta kebo ndefu zaidi, vijana sita wakaibeba meza hadi ukingo wa kaskazini na kufungua turubai lote la upande ule. Sababu? Mgeni rasmi apigwe picha mlima ukiwa mgongoni. Mlima wenyewe, alasiri ile ya Juni, ulikuwa umejifunika mawingu gubigubi, hata Kibosho, pale mteremkoni mwake, haikuonekana.

Meza hii ni skrini ya inchi 55 iliyolazwa chali, karibu sentimita 122 kwa 68, yenye ramani ya Mlima Kilimanjaro na njia za kuupanda. Kuizunguka kuna fremu: pande mbili zina taa ndogo ndogo za infraredi, pande mbili zinazozitazama zina vihisi. Taa zinawaka kwa zamu, upesi kuliko jicho, kiasi kwamba juu ya kioo panatanda mwanga usioonekana, milimita chache tu kutoka kiooni. Kidole kikiukata, kompyuta inajua kimekatia wapi. Simu yako hutambua ngozi kwa jinsi inavyopitisha umeme, lakini fremu ya namna hii haina habari na ngozi. Inachojua ni kwamba mwanga umezibwa. Mkono wa shati ni kidole. Nzi naye ni kidole.

Ndipo akaja mama wa mapambo na chombo cha maua ya plastiki, utepe wa dhahabu, na chupa mbili za maji zilizovishwa tishu vichwani.

"Mama, hii si meza ya kuwekea vitu."

"Kwani haina miguu minne, baba?"

Nikaondoa maua, akayarudisha. Nikaondoa tena, akaja na mwenyekiti wa kamati. Maua yakabaki. Programu ilipangwa irudi ukurasa wa mwanzo ikikaa sekunde 60 bila kuguswa, lakini sasa kwa hesabu za kompyuta kulikuwa na mtu mwenye vidole vinene ameishika njia ya Machame na hana mpango wa kuiachia.

Mgeni rasmi alifika saa kumi na nusu. Juni jua liko upande wa kaskazini, na saa hizo limeshateremka kaskazini-magharibi, kwa hiyo lilipenya moja kwa moja palipofunguliwa turubai na kupiga kwenye vihisi. Jua lina infraredi tele. Fremu nzuri hupepesa taa zake ili zitofautiane na mwanga wa nje, lakini kihisi kikishashiba jua hakioni kupepesa kokote. Sehemu moja ya meza inakufa ganzi, na nyingine inaona vidole ambavyo hakuna aliyevileta.

"Mheshimiwa sasa anaugusa Mlima Kilimanjaro!" akatangaza mshereheshaji. Vigelegele.

Mheshimiwa akagusa kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Peke yake labda tungesalimika. Lakini viongozi wote nao wakainama kugusa, suti kwa vitenge, na mzee mmoja akalaza bakora yake kioo kizima. Programu ile ilichukulia kila mguso kwenye ramani kuwa ni wa mtu mmoja: vidole vikiachana, ramani inakua, vikikaribiana, inasinyaa, vikizunguka, nayo inazunguka. Ongeza kwamba fremu ya bei ya kawaida ikiguswa na vidole viwili huona miale miwili ya wima na miwili ya ulalo imezibwa, yenye makutano manne, na mawili kati ya hayo ni ya uongo. Sasa piga hesabu ya vidole vya meza kuu nzima.

Chombo cha maua ndicho pekee kilichotulia, kwa hiyo ramani ikakifanya mhimili. Kibo, kilele kikuu cha mlima, ikaanza kukizunguka. Uhuru, mita 5,895, ikapita chini ya tai ya mheshimiwa, Mawenzi, kilele cha pili, ikafuata nyuma yake. Kisha ramani ikasinyaa ghafla, Moshi ikawa nukta, tukaiona Tanga, tukaona bahari.

"Naam! Mheshimiwa anatuvusha hadi Zanzibar! Makofi!"

Mzee mwenye bakora akanivuta pembeni. "Kijana, mlima wetu unakwenda wapi?"

"Unarudi, meku."

"Unarudi na nani? Maana naona umeondoka na mheshimiwa."

Hapo dawa inafuata mpangilio. Kwanza kivuli: wajumbe wanne wa kamati, na suti zao, wakasimama wameshika turubai upande wa jua. Pili, kioo kibaki kitupu: maua, chupa, bakora, viwiko, vyote nje. Tatu ndiyo unachomoa kebo ya USB ya fremu na kuichomeka upya, kwa sababu fremu nyingi hujipima zinapopata umeme, na chochote kitakachokutwa juu ya kioo wakati huo kitahesabiwa kuwa ni sehemu ya meza. Ukichomeka mtu ameegemeza kiwiko, eneo lile halitasikia kitu hadi uchomoe tena. Mlima ukarudi. Mheshimiwa akafuata njia ya Marangu kwa kidole hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, akauliza kama pale kuna chai.

Usiku nikaibana programu. Kinachozidi upana wa sentimita 3 si kidole. Mguso usiosogea sekunde 10 unapuuzwa. Ramani haizunguki, na haivuki mipaka ya hifadhi. Kila upande wa meza ukapata dirisha lake dogo, ili anayetazama njia ya Rongai asimburuze wa Lemosho. Maabara ya Mitsubishi kule Marekani ilishatoa mwaka 2001 meza iitwayo DiamondTouch, inayojua nani amegusa, kwa kuwa mawimbi yanapita mwilini mwake hadi kwenye kiti alichokalia. Nzuri sana. Ila ningeileta Moshi, viti vingekuwa vimeshapelekwa meza kuu.

Asubuhi nikaandika kwenye karatasi ngumu: USIWEKE KITU CHOCHOTE JUU YA MEZA HII. Nikaibandika kwenye mguu wa meza. Mama wa mapambo akaisoma kwa sauti, akasema pale chini nani ataiona, akaibandua, akaikunja katikati ili isimame vizuri, akaiweka juu ya kioo, kando ya maua.