Vespa haikuwa skuta ya kwanza
Mwandishi wa makala moja kuhusu skuta anasema skuta ilizaliwa Italia mwaka 1946, kampuni ya Piaggio ilipotoa Vespa. Hapo sikubali. Tangu mwaka 1915 huko New York kulikuwa na skuta iitwayo Autoped, yenye injini juu ya gurudumu la mbele: dereva anasimama wima, anasukuma usukani mbele ili iondoke, anauvuta nyuma ili ifunge breki. Haikudumu sokoni, lakini ilikuwepo. Sifa ya Vespa ni nyingine, tena kubwa. Corradino D'Ascanio, aliyeibuni, alikuwa mhandisi wa ndege na hakupenda pikipiki, ndiyo maana aliifunika injini isichafue nguo, akaondoa mnyororo, na gurudumu la mbele akalishika upande mmoja tu, kama la ndege, ili tairi libadilishwe upesi. Mimi ni fundi hapa Birere, Goma, na kila ninapopambana na mnyororo uliojaa matope namheshimu mtu yule. Ila magurudumu yake ya inchi 8 yangeteseka kwenye mawe yetu ya volkeno. Wamotari wa hapa, yaani wanaobeba abiria kwa pikipiki, wanahitaji gurudumu kubwa. Wazee wa Goma na Bukavu, kuna aliyewahi kuona Vespa ikibeba abiria mjini kwetu?