Mama Alipoanika Nguo Zangu Minneapolis Akiwa Buruburu

Mtu aliyezaliwa na kukulia Nairobi hujihesabu miongoni mwa wajuzi wa baridi. Sisi ndio huvaa koti juu ya sweta mwezi wa Julai, wakati mawingu yanapotanda wiki nzima bila kudondosha hata tone na hewa ya alfajiri ikashuka hadi nyuzi 11 au 12, huku jamaa zetu wa Mombasa wakitupigia simu kuuliza kama tungali hai. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya masomo mjini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota lililo kaskazini mwa Marekani, sikuona haja ya kumwomba mtu ushauri kuhusu hali ya hewa. Nilishuka Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, asubuhi, saa ambayo marobota hufunguliwa, nikachagua koti zito lenye manyoya shingoni, na muuzaji akaniapia kwa jina la mama yake kwamba koti lile lingenifikisha hata Ncha ya Kaskazini. Lebo yake nilikuja kuisoma nikiwa tayari ndani ya ndege, nikagundua kwamba koti lenyewe lilitoka Marekani. Lilikuwa limevuka bahari kwa meli hadi Mombasa, likapandishwa lori hadi Nairobi, nami nilikuwa nikilirudisha kwao kwa nauli yangu.

Baridi ya Minneapolis haina undugu wowote na ile ya Julai. Kufikia Januari maziwa yaliyomo mjini humo huwa yameganda kiasi kwamba watu huyatembelea juu, na katika maziwa mengi ya jimbo hilo huingia hata kwa magari, wakatoboa tundu kwenye barafu na kuketi kibandani wakivua samaki. Mjomba wangu, ambaye ujanani aliendesha matatu za Naivasha na kwa hiyo hujiona mwenye sauti katika mambo ya maziwa, nilipomsimulia hayo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nikila vizuri. Sikumweleza kuhusu yale madaraja yaliyofunikwa kwa vioo ambayo huunganisha majengo ya katikati ya jiji juu ya barabara, ili mtu atoke ofisini aende benki kisha hotelini bila kukutana na hewa ya nje, kwa sababu niliona heshima yangu katika ukoo ilikuwa imepungua vya kutosha.

Kitu ambacho hakuna mtu wa Buruburu, mtaa wetu wa Nairobi, angeweza kukubali, hata hivyo, kilikuwa jua. Kwetu jua likiwaka kuna joto, na mjadala huishia hapo. Kule, siku zenye baridi kali kuliko zote aghalabu ndizo zenye anga safi na jua kali la kuumiza macho, kwa sababu pasipo mawingu joto la ardhi hupaa usiku kucha bila kuzuiwa, na kunapokucha jua hupita chini chini kusini, miale yake ikiangukia theluji ambayo huirudisha mingi angani. Mtu hutazama dirishani akaona siku ya kwenda kuogelea, akifungua mlango vinyweleo vya puani vinakakamaa kwa pumzi ya kwanza.

Siku ya mkasa ilikuwa Jumapili mwishoni mwa Januari. Mama alikuwa na desturi ya kunipigia simu ya video saa nne asubuhi yangu, ambayo Nairobi ilikuwa saa moja jioni, na hakuwa mtu wa kupiga simu peke yake. Siku hiyo sebuleni mwake walikuwapo mjomba, shangazi, jirani wa mlango wa pili, wanakwaya waliokuwa wamepitia kuchukua kitabu cha nyimbo, na watoto ambao sikuweza kutambua ni wa nani. Wote walitaka kuiona theluji. Jirani aliuliza kama ndiyo ile iliyoanguka karibu na Nyahururu mwaka 2008, mjomba akamsahihisha kwamba ile ilikuwa mvua ya mawe, jirani akasema yeye aliiona kwenye gazeti na ilikuwa nyeupe, na mabishano hayo yakaendelea kwa muda mrefu huku mimi nimeinua simu dirishani kwa gharama yangu ya intaneti.

Nilipogeuza simu ili nijionyeshe na mimi, mama aliacha kujipepea kwa gazeti.

"Hizo ni nini zimetandazwa juu ya viti?"

"Ni nguo, mama. Nimefua."

Nilimweleza kwamba mashine ya kukaushia, ambayo iko chini kabisa ya nyumba, humeza sarafu, nami sarafu zilikuwa zimeniishia.

"Na jua lote hilo linalowaka nje? Unataka nguo zioze ndani zinuke uvundo, uende nazo kwenye shule za watu?"

"Mama, leo ni nyuzi 25 chini ya sifuri."

Hapa ndipo mtandao ulipoamua kuingilia mambo ya familia. Sauti yangu ilikatika katikati ya sentensi, na kilichofika Buruburu kilikuwa nyuzi 25, bila hilo fungu la chini ya sifuri. Nilimwona mama akigeuka kuwatazama wenzake mmoja mmoja.

"Ishirini na tano!" akasema. "Hata sisi hapa leo hatujafika mbali na hapo, na nguo zangu zimekauka saa sita. Toa nguo hizo nje, baba."

Nilijaribu kueleza. Lakini msomaji aliyelelewa na mama wa Kinairobi anajua kwamba kuna maelezo ambayo hayatolewi mbele ya wanakwaya. Nilichukua beseni, nikafungua mlango wa nyuma, nikatoka kwenye kiveranda kidogo cha mbao chenye vyuma pembeni, nikiwa nimevaa fulana, suruali ya kulalia, na soksi ndani ya malapa niliyotoka nayo nyumbani. Nia yangu ilikuwa kutundika vitu viwili vitatu mbele ya kamera, mama aridhike, nirudi ndani. Koti la Gikomba lilibaki likining'inia nyuma ya mlango uleule.

Ya kwanza ilikuwa suruali ya jinzi. Nilipoitandaza kwenye chuma ilikuwa ikitoa mvuke, na mama akasema, "Si unaona, inaanza kukauka." Nikaanika shati, kisha taulo, nikiruka-ruka ili nisigande na mimi, na niliporudi kwenye suruali ilikuwa imeacha kutoa mvuke na imeshika umbo. Niliigonga kwa kidole ikalia kama ubao. Nikaishusha, nikaisimamisha sakafuni, nayo ikasimama yenyewe kwa miguu yake miwili, kiuno wazi, magoti yamepinda kidogo, ikitazama upande wa barabara. Buruburu nzima ilipiga kelele. Mjomba alitaka niilaze niisimamishe tena kwa sababu alikuwa amezuiwa na kichwa cha mtoto. Mmoja wa wanakwaya akaanza kukemea.

Ni wakati huo upepo ulipousukuma mlango. Mlango ule ulikuwa wa aina ambayo ikijifunga inajifunga kweli, haina habari ya kitasa cha nje. Kishindo chake kilinishtua, simu ikaniponyoka, ikapita katikati ya vyuma na kuzama kwenye theluji iliyolundikana chini, kioo kikitazama juu. Sikuiona tena. Nilichobaki nacho ni sauti ya mama ikitoka ndani ya theluji: "Mbona tunaona mbingu tu? Wewe! Umekwenda wapi?"

"Mlango!" nikaita. "Mlango, mama! Mlango!"

Theluji ikanyamaza. Betri za simu hazipendi baridi ya namna ile, na simu huweza kuzima ghafla hata ikiwa na zaidi ya nusu ya chaji, jambo ambalo kwa bahati mbaya halikuwa likifahamika pale sebuleni.

Nikajaribu kujifunika taulo, lakini taulo lilikuwa limekuwa kipande cha ubao na halikukubali kukunjwa popote. Shati lilikuwa limenyoosha mikono yote miwili. Basi nikashika kitu kirefu nilichokuwa nacho, yaani suruali, nikaanza kuipunga kuelekea nyumba ya jirani, mzee mmoja wa Kimarekani ambaye nilimwona amesimama dirishani na kikombe cha kahawa. Akaniona. Akainua kidole gumba. Nikapunga kwa nguvu zaidi, nikaruka, nikaonyesha mlango, na mzee yule akatabasamu, akaweka kikombe chini, akachukua simu yake akanipiga picha.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hakuwa mtu mbaya. Mjini Minneapolis kuna watu ambao, baridi ikizidi, huloweka suruali za jinzi kwa makusudi, wakaziacha zigande na kuzisimamisha mbele ya nyumba zao ili wapita njia wacheke, na mzee alifurahi kuona mgeni kutoka Afrika ameingia katika mila za mtaa haraka hivyo. Kilichomtia shaka hatimaye kilikuwa malapa. Alitoka amevaa buti na koti lililofika magotini, akanitazama miguu, akasema neno moja ambalo halifai kuandikwa hapa, akanishika mkono tukaenda kwake.

Alinikalisha jikoni, akanifunika blanketi, akakagua masikio yangu moja baada ya jingine, akanitia vidole katika maji ya vuguvugu na kunikataza kabisa ya moto. Aliniambia kwamba katika baridi kama ile, upepo ukivuma, ngozi iliyo wazi huweza kuganda kabla ya nusu saa kwisha. Kisha akaniuliza, kwa adabu kubwa, nilikuwa nikifanya nini. Nilimjibu kwamba mama yangu aliniagiza nianike nguo. Nilitarajia acheke, lakini alitikisa kichwa taratibu na kusema kwamba hata mama yake mzazi alikuwa akianika nguo nje majira ya baridi, zikiganda kwanza, kisha barafu ikiondoka polepole kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hatua ya maji, na kwamba shuka zake zilikuwa na harufu nzuri kuliko za mashine yoyote. Sikutaka habari hiyo ifike Nairobi. Ilifika, kwa sababu mimi mwenyewe siwezi kukaa na jambo, na tangu siku hiyo mama ameitumia katika mabishano ambayo hayahusiani kabisa na nguo.

Mwenye nyumba alikuja na ufunguo wa akiba saa nane mchana. Muda wote huo mzee alikuwa ameniachia simu yake nimpigie yeyote ninayetaka, lakini namba ya mama sikuwa nayo kichwani, maana siku hizi kichwani mtu hubaki na namba yake mwenyewe tu, na hiyo ilikuwa chini ya theluji. Tuliichimbua simu kwa sepetu, nikaifuta, nikaiacha ipate joto polepole, kisha nikaiweka kwenye chaji. Ilipowaka ilitetemeka mezani bila kupumzika hadi nikadhani imeharibika.

Buruburu walikuwa wameketi kikao. Kutokana na ushahidi uliokuwapo, yaani kishindo, mbingu, na mtu anayelia mlango, walikuwa wameamua kwamba theluji imeniangukia na kunifukia mlangoni mwa nyumba. Ndani ya saa moja kundi la WhatsApp lilikuwa limefunguliwa kwa jina la Tumwokoe Kijana Wetu, mjomba akiwa mwenyekiti, shangazi mwekahazina, na mmoja wa wanakwaya katibu. Michango ya M-Pesa ilikuwa ikiorodheshwa kwa majina, wengine wakitoa, wengine wakiahidi mwisho wa mwezi. Mchungaji alikuwa ameombea. Ajenda iliyochukua muda mrefu zaidi ilikuwa ni nani atakayesafiri kwenda kunitambua, na mjomba, kwa unyenyekevu mwingi, alikuwa amejitolea na kwisha kupiga picha za pasipoti kwa jirani mwenye studio, Jumapili, usiku.

Nilimpigia mama. Alipoona uso wangu alilia, akashukuru Mungu, akaniita majina yote ya babu zangu, kisha akafuta machozi akauliza kama nguo zimekauka.

Kuhusu pesa, mambo hayakuwa rahisi. Jirani wa mlango wa pili alitaka arudishiwe shilingi zake 200 kwa kuwa aliyechangiwa yu hai. Mwekahazina alieleza kwamba chai, mandazi na picha za mwenyekiti vilikwisha kulipiwa, na kwamba kilichobaki kisingeweza kugawanywa kabla kamati haijakutana. Mwenyekiti alisema kamati haiwezi kukutana bila akidi. Ilipoonekana kwamba mabishano yanazidi, katibu alipendekeza niingizwe kwenye kundi nijitetee mwenyewe, nami nikaingizwa, na ujumbe wa kwanza niliopokea, kutoka kwa shangazi, ulinikumbusha kwamba katika ukoo mzima mimi ndiye pekee ambaye sikuwa nimetoa mchango.

Nilituma shilingi 500.