Mboga Zote Zina Kitimoto

Jamani, nina njaa tangu alfajiri, nimeegesha lori nje kidogo ya Birmingham, Alabama, nimelipa dola 14, na nilichokula ni makaroni. Makaroni!

Kosa langu mwenyewe, kusoma ubao. Hizi hoteli za kienyeji za huku kusini mwa Marekani sahani yake ni nyama moja na mboga tatu. Nikaona sukuma wiki. Kunde. Bamia. Moyo ukasema, baba, umefika Muheza.

Mhudumu akaja, mama wa makamo, penseli sikioni. "Utakula nini, asali?" Asali! Na mama watoto yuko hewani kutoka Tanga, spika wazi.

"Mama, hiyo sukuma wiki mnapikia nini? Mimi sili nguruwe."

"Haina nyama, mpenzi. Ni mguu wa nguruwe tu, wa kuleta ladha."

Kunde je? Mguu huohuo. Maharage mabichi? Bekoni. Bamia? Zimekaangwa kwenye mafuta ya nguruwe. Mkate wa mahindi? Kikaango kimepakwa hayohayo. Viazi? Hapo akafikiri kidogo, nikapata matumaini. "Vina bekoni juu, lakini vipande vidogo."

"Mama," nikasema, kwa adabu zote nilizofunzwa madrasa, "ipo mboga hapa ambayo nguruwe hakupita?"

Akateremsha kidole kwenye orodha, chini ya neno Mboga, mpaka kwenye makaroni ya jibini.

"Makaroni ni mboga?"

"Siku zote, asali."

Tanga kimya.

"Basi niletee mboga tatu. Makaroni, makaroni na makaroni." Akaandika zote tatu, wala hakucheka.

Chai ni ya barafu, sukari utadhani wanaaga mwaka. Uji wa mahindi wanaulia chumvi na siagi, hayo niachieni. Lakini kunde jamani! Kunde na bamia ni za kwetu Afrika, zimevuka bahari na watu wetu kwenye merikebu za watumwa, leo nimekaa nazo meza moja siruhusiwi kuzigusa! Nani aliyezijulisha kwa nguruwe?

Na bakshishi juu.

Mama watoto nimempigia mara nne, simu inaita tu. Tena hebu ngoja, hili tairi la nyuma kushoto, si nimelibadilisha juzi Atlanta? Mbona limelala?